Sifuri au pengo? Jinsi jedwali la kompyuta linavyoweza kumhukumu asiye na deni

Vyama vingi vya kusaidiana vya Waafrika Mashariki nchini Marekani vimehamisha madaftari yao ya michango kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Lakini amri fupi zinazoitwa makro, ambazo huwarahisishia kazi wahazini, haziitambui tofauti kati ya mtu aliyetoa dola sifuri na mtu ambaye habari zake hazijaandikwa, mpaka zifundishwe kufanya hivyo.

Newburg ni mtaa ulioko kusini-mashariki mwa jiji la Louisville, katika jimbo la Kentucky. Historia yake imefungamana na ile ya Wamarekani weusi walioachwa huru kutoka utumwani katika karne ya 19, ambao walijijengea makazi yao katika eneo hilo. Jiji la Louisville lenyewe ni miongoni mwa miji ya Marekani iliyowapokea wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, ambao baadhi yao walipitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au zile za Kakuma na Dadaab nchini Kenya. Hali ni hiyo hiyo katika miji ya Columbus, jimboni Ohio, na Buffalo, jimboni New York. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao wanapokutana.

Na wanapokutana, moja kati ya mambo ya kwanza wanayoyaunda ni chama cha kufa na kuzikana. Kumsafirisha marehemu kutoka Marekani hadi Bujumbura au Bukavu kunagharimu maelfu ya dola, na hata mazishi ya papo hapo si ya mtu mmoja kuyamudu. Kwa hiyo watu huchanga. Mchango ukishachangwa, lazima uandikwe.

Chukua mfano wa chama cha namna hiyo chenye wanachama 40. Si chama fulani, ila kinafanana na vingi. Kila mwanachama hutoa dola 20 kwa mwezi. Katiba inasema kwamba asiyetoa chochote kwa miezi mitatu mfululizo hupoteza haki ya kusaidiwa anapofiwa. Mhazini anafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi, na hana muda wa kupitia kwa macho visanduku 480 vya mwaka mzima. Kijana mmoja anamwandikia makro.

Makro ni orodha ya amri ambayo huandikwa mara moja ndani ya programu ya majedwali, kisha kompyuta huitekeleza kila mara mtumiaji anapobonyeza kitufe. Katika programu ya Excel ya kampuni ya Microsoft, amri hizo huandikwa kwa lugha ya VBA, ambayo imekuwamo ndani ya programu hiyo tangu mwaka 1993. Makro ya chama hiki ni fupi sana. Inasoma kisanduku cha Aprili, cha Mei na cha Juni katika mstari wa kila mwanachama. Vyote vitatu vikiwa sawa na sifuri, mstari huo unapakwa rangi nyekundu, na jina linaingia katika orodha ya waliopoteza haki.

Tarehe 30 Juni mhazini anabonyeza kitufe, na mistari mitatu inageuka myekundu.

Mwanachama wa mstari wa 7 alipigiwa simu kila mwezi na akasema hana. Mhazini aliandika 0 mara tatu. Mwanachama wa mstari wa 19 amejiandikisha wiki iliyopita na ataanza kuchanga Julai, kwa hiyo visanduku vyake vya miezi iliyotangulia havina kitu. Mwanachama wa mstari wa 31 hulipa kwa mkupuo, dola 60 kwa miezi mitatu. Alimkabidhi naibu mhazini fedha hizo mwanzoni mwa Juni, risiti ikatolewa, ila hakuna aliyeingiza namba kwenye kompyuta.

Mmoja hakulipa, wa pili hadaiwi, wa tatu amelipa. Kompyuta imewatolea wote hukumu moja. Na iwapo wa tatu atafiwa katika juma hilo, atakayefungua jedwali atakuta jina lake lina rangi nyekundu.

Kompyuta ilisoma nini

Ndani ya lugha ya VBA, kisanduku ambacho hakijaandikwa kitu hutoa thamani maalumu inayoitwa Empty. Thamani hii ina tabia ya kinyonga. Ikilinganishwa na namba, hugeuka kuwa sifuri. Ikilinganishwa na maandishi, hugeuka kuwa maandishi yasiyo na herufi hata moja. Kwa hiyo makro inapouliza swali kama

If c.Value = 0 Then

jibu la kisanduku kitupu ni ndiyo, sawasawa na jibu la kisanduku ambacho mtu amekaa chini na kuandika 0.

Hili si kosa lililojificha ndani ya programu. Limewekwa kwa makusudi, na mantiki yake inaeleweka: anayejumlisha safu ndefu yenye mapengo hataki kompyuta isimame kila inapofika kwenye pengo. Katika kujumlisha, pengo na sifuri havileti tofauti yoyote kwenye jibu. Tatizo huanza pale mtu anapoacha kujumlisha na kuanza kuuliza maswali: nani hakulipa, wastani ni kiasi gani, wangapi wamejibu.

Fomula za kawaida, zisizo za makro, nazo zina kigeugeu chake. Fomula inayosema =E19, ambapo E19 ni kisanduku kitupu, huonyesha 0. Fomula =E19=0 hujibu kweli, na =E19="" nayo hujibu kweli. Lakini COUNTIF, inapoambiwa ihesabu visanduku vyenye 0, huyaruka mapengo. Yaani programu moja, kwa swali ambalo binadamu angeliona ni lile lile, hutoa majibu mawili tofauti kutegemea jinsi lilivyoulizwa.

Wanaotumia majedwali ya Google hawajanusurika. Huko makro huandikwa kwa JavaScript, na kisanduku kitupu husomwa kama maandishi yasiyo na herufi. Katika lugha hiyo, maandishi hayo yakilinganishwa na 0 kwa alama mbili za usawa, jibu ni kweli. Kwa alama tatu, jibu ni si kweli. Haki ya mwanachama inategemea alama moja zaidi.

Pengine hata lugha ina sehemu yake katika mkanganyiko huu. Neno sifuri limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu asili yake ni utupu. Wanahisabati wa Bara Hindi, akiwemo Brahmagupta aliyeandika mwaka 628, waliichukulia sifuri kuwa namba kamili yenye kanuni zake za kujumlisha na kutoa. Tangu hapo sifuri imekuwa kauli: katika namba 105, inatamka wazi kwamba hakuna makumi. Kisanduku kitupu hakitamki lolote.

Mtoto aliyefika Januari

Mfano wa vyama ni wa fedha, lakini madhara makubwa zaidi pengine yako kwenye alama za wanafunzi. Katika shule za wilaya ya Jefferson, ambayo ndiyo ya Louisville, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa na wanafunzi wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Wengi wa watoto hao hawafiki Agosti mwaka wa masomo unapoanza. Hufika siku familia inapopata ndege.

Mwanafunzi afikapo Januari, majaribio ya Septemba na Novemba kwake ni mapengo. Tuseme kulikuwa na majaribio matano, naye alifanya matatu ya mwisho na kupata 80, 70 na 90. Wastani wake ni 80. Amri ya AVERAGE ndani ya jedwali, ikipewa visanduku hivyo vitano na viwili vikiwa vitupu, huyaruka mapengo na kutoa 80. Lakini mwalimu akiwa na makro inayojumlisha alama moja moja kisha kugawa kwa tano, jibu ni 48. Na makro nyingine, iliyoandikwa na mtu mwenye nia njema aliyechukizwa na mapengo, hupita kwanza na kujaza 0 kila palipo wazi ili jedwali lipendeze. Baada ya hapo hata AVERAGE itasema 48, na hakuna atakayeweza kujua ni sifuri ipi iliyoandikwa na mwalimu na ipi iliyoandikwa na mashine.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Pengo linaweza kugeuzwa sifuri kwa sekunde moja. Sifuri haiwezi kurudishwa kuwa pengo, kwa sababu habari ya kwamba palikuwa na pengo imepotea.

Tanzania na namba 509

Kwa Waafrika Mashariki, mfano mkubwa kabisa wa pengo kusomeka kama sifuri ulitokea wakati wa janga la corona. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Hadi mwanzoni mwa Mei mwaka huo, takwimu rasmi zilizokuwa zimefika kwa mashirika ya kimataifa zilikuwa za wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha utoaji wa takwimu ukasitishwa. Mwezi Juni 2020 Rais John Magufuli alisema nchi iko huru na ugonjwa huo. Februari 2021 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliitaka Tanzania ianze kutoa taarifa. Baada ya Rais Magufuli kufariki dunia Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na takwimu zilianza kutolewa tena katikati ya mwaka huo.

Siasa za uamuzi ule zimejadiliwa sana. Jambo lililojadiliwa kidogo ni kile kilichotokea ndani ya majedwali.

Takwimu za kimataifa za corona ziliwekwa kwa namna ya jumla inayokua: idadi ya wagonjwa wote tangu mwanzo hadi siku hiyo. Nchi ambayo haikuleta habari mpya, jumla yake ya jana ilibaki kuwa ya leo. Kwa hiyo mstari wa Tanzania ukawa 509, 509, 509, siku baada ya siku, kwa zaidi ya mwaka. Aliyetaka kujua wagonjwa wapya wa kila siku alitumia hesabu rahisi, leo utoe jana. Na 509 ukitoa 509 hupata 0.

Sifuri hiyo haikutoka maabara. Hakuna mtu aliyepima na kukuta hakuna mgonjwa. Ilizaliwa na utoaji wa namba mbili zilizofanana, ambazo zilifanana kwa sababu ya ukimya. Lakini ikishaingia kwenye safu ya wagonjwa wapya, haikuwa na alama yoyote ya kuitofautisha na sifuri ya nchi nyingine iliyopima maelfu na kukosa mgonjwa. Ukitafuta wastani wa siku saba, unapata 0. Ukigawa kwa idadi ya watu, 0. Ukichora ramani ya Afrika, Tanzania inapata rangi ile ile ya nchi iliyoshinda ugonjwa.

Msomaji makini alijua. Kila aliyeishi Dar es Salaam au aliyekuwa na ndugu huko alijua kwamba pale pana ukimya. Makro hazikujua. Kwa mtazamo wa kitakwimu, njia ya uaminifu ingekuwa kukiacha kisanduku cha wagonjwa wapya kikiwa kitupu kila siku ambayo taarifa haikuja, hata kama ramani ingebaki na shimo lenye ukubwa wa Tanzania. Shimo lile lingekuwa habari.

Kuzitupa sifuri zote

Baadhi ya waandishi wa programu, wakishaumwa na tatizo hili, hukimbilia upande wa pili na kuamuru kila sifuri ichukuliwe kuwa pengo. Dawa hiyo nayo ina sumu yake, na mahali pazuri pa kuionyesha ni Kenya.

Watengenezaji wa ramani za kompyuta wana utani kuhusu mahali wanapopaita Null Island, yaani kisiwa kisichokuwapo. Kiko katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, pale ambapo latitudo ni 0 na longitudo ni 0. Kila mara mtu anaposahau kuandika mahali zahanati au kisima kilipo, na programu ikageuza pengo kuwa sifuri, zahanati hiyo huchorwa baharini. Ukifungua ramani na kukuta vijiji kadhaa vikielea pamoja katikati ya Atlantiki, umepata orodha ya fomu zisizojazwa.

Ni rahisi basi kusema: futa kila mstari wenye latitudo 0. Lakini Ikweta inapita Kenya. Mji wa Nanyuki uko juu yake. Ukiandika latitudo ya Nanyuki kwa digrii nzima, bila desimali, ni 0, na ni 0 ya kweli. Makro inayozitupa sifuri ingeutupa mji mzima pamoja na majirani zake. Sifuri ya Nanyuki na sifuri ya fomu isiyojazwa haziwezi kutenganishwa kwa kuzitazama. Lazima zitenganishwe pale zilipoandikwa.

Tupu yenye sura nyingi

Katika VBA kuna amri inayoitwa IsEmpty, ambayo huuliza kama kisanduku hakijaandikwa kitu chochote kabisa. Ikitangulizwa kabla ya swali la sifuri, wanachama wa mstari wa 19 na wa 31 wanapona. Vitabu vingi vya mafunzo vinaishia hapo. Maisha hayaishii hapo, kwa kuwa kisanduku kinachoonekana kitupu kwa macho huenda si kitupu.

Kinaweza kuwa na fomula iliyoambiwa isionyeshe kitu. Kinaweza kuwa na nafasi moja, iliyoachwa na mtu aliyetaka kufuta namba akabonyeza kitufe kirefu cha chini badala ya kile cha kufutia. Hivi viwili, IsEmpty haivitambui kuwa vitupu. Na vikilinganishwa na 0, makro husimama na kulalamika kwamba aina za data hazilingani. Kusimama huko ni heri, kwa sababu mtu huenda kutazama. Shari huingia pale mwandishi wa makro, kwa kuchoshwa na malalamiko, anapoweka juu kabisa amri ya On Error Resume Next, inayosema kosa likitokea uendelee na mstari unaofuata. Kosa linapotokea ndani ya swali la If lenye mistari kadhaa, mstari unaofuata ni ule ulio ndani ya jibu la ndiyo. Kwa maneno mengine, mwanachama ambaye kisanduku chake kina nafasi moja tu, atapakwa rangi nyekundu bila swali lake kujibiwa.

Upande mwingine kuna sifuri zinazojificha. Programu ina mpangilio wa kutoonyesha sifuri kwenye ukurasa, na mtindo wa kihasibu huonyesha kistari badala ya 0. Mhazini mpya akiona kistari hudhani hakuna kilichoandikwa.

Mtego mwingine ni IsNumeric, amri ya kuuliza kama kilichomo ni namba. Kwa kisanduku kitupu, amri hiyo ndani ya VBA hujibu ndiyo. Amri ya ISNUMBER ndani ya jedwali, ambayo mtu angedhani ni pacha wake, hujibu hapana. Na hata aliyekumbuka yote hayo anaweza kulipoteza pengo kabla hajauliza lolote, kwa kutangaza kwamba kiasi kitahifadhiwa katika kigeu cha aina ya Double, ambacho ni chombo cha namba tupu. Pengo likimiminwa ndani ya chombo hicho hugeuka 0 papo hapo, na IsEmpty ikiulizwa baadaye haitaona kitu. Chombo kinachofaa ni kile cha aina ya Variant, kinachoweza kubeba namba, maandishi au Empty bila kuvigeuza.

Makro ya chama cha mfano, ikiandikwa upya, ingepokea kila kisanduku katika Variant, na kwanza ingeuliza kama ni kitupu. Kama sicho, ingeuliza kama kina ujumbe wa kosa. Kama hakina, ingeuliza kama ni namba, na ni hapo tu ingeuliza kama namba hiyo ni 0. Maswali hayo ni bora yawekwe moja ndani ya jingine, wala si kuunganishwa kwa neno And katika mstari mmoja, kwa sababu VBA hupima pande zote mbili za And hata kama upande wa kwanza umekwisha kushindwa.

Kabla ya kuandika amri

Hata hivyo, sehemu ngumu ya kazi hii haiko kwenye kompyuta. Makro iliyoandikwa upya sasa inajua kwamba kisanduku cha mwanachama wa mstari wa 31 ni kitupu. Ifanye nini? Kumhesabu kuwa amelipa ni kosa, kumhesabu kuwa hakulipa ni kosa. Mpanga programu hana jibu, na hapaswi kulitunga. Hilo ni swali la katiba ya chama, na linajibiwa na mkutano mkuu.

Vyama vinavyofanya vizuri huamua mapema alama za kuandika. Namba ni kwa aliyelipa, na 0 ni kwa aliyeulizwa akakiri hakulipa. Kwa wengine wote herufi hutosha: H kwa ambaye hajajiunga bado, M kwa aliyesamehewa, labda kwa ugonjwa au kwa kuachishwa kazi, na B kwa ambaye taarifa yake bado haijaletwa. Kisanduku kisicho na alama yoyote kinabaki na maana moja, kwamba mhazini hajafika hapo. Programu inaweza kuagizwa ikatae chochote kingine, hata ile nafasi moja ya bahati mbaya. Amri za SUM na AVERAGE huziruka herufi zilizomo ndani ya visanduku, kwa hiyo jumla haiharibiki. Anayejumlisha kwa alama ya + atapata ujumbe wa kosa, jambo ambalo ni afadhali kuliko jibu la uongo lililo kimya.

Na orodha inayotoka mwishoni inakuwa mbili: ya waliopoteza haki, na ya wale ambao haijulikani. Orodha ya pili husomwa kwanza.

Si kila mara pengo lina siri. Duka la vyakula linaloandika idadi ya magunia ya unga wa sembe yaliyouzwa kila siku, na ambalo muuzaji wake huandika tu bidhaa zilizotoka, linaweza kabisa kulichukulia pengo kuwa sifuri. Siku ambayo mashine ya mauzo ilifanya kazi na hakuna gunia lililotoka, basi yameuzwa magunia 0. Lakini siku ambayo duka lilifungwa kwa theluji si siku ya mauzo 0, na mwenye duka akiichanganya humo ataagiza unga kidogo kuliko inavyohitajika. Ni kisanduku kile kile, katika duka lile lile, na jibu linabadilika kutokana na jambo lisiloandikwa kwenye jedwali hata kidogo.

Tarehe ndizo zenye vituko zaidi. Excel huhifadhi tarehe kama namba ya siku, ikianza kuhesabu Januari mwaka 1900. Fomula inayorejelea kisanduku kitupu cha tarehe ya kuzaliwa, ikipewa mtindo wa tarehe, huandika siku ya 0 ya Januari 1900, siku ambayo haijawahi kuwako duniani. VBA nayo, kwa sifuri hiyo hiyo, huandika tarehe 30 Desemba 1899. Mwanachama kijana hugeuka mzee wa zaidi ya miaka 120.

Tarehe ya namna hiyo hugundulika upesi kwa sababu inachekesha. Ambayo haigunduliki ni tarehe 1 Januari. Wakimbizi wengi waliofika Marekani wana tarehe hiyo ya kuzaliwa katika hati zao, si kwa kuwa wote walizaliwa siku ya mwaka mpya, bali kwa sababu fomu ilidai siku na mwezi, na familia ilijua mwaka tu. Pengo lilijazwa kwa kitu kinachofanana na ukweli. Makro ya kutuma salamu za siku ya kuzaliwa itapeleka ujumbe kwa nusu ya jumuiya asubuhi moja, na hilo halina madhara. Makro inayokokotoa nani ametimiza miaka 65 ni habari nyingine.

Anayetengeneza daftari la wanachama anaweza kuweka safu mbili badala ya moja: ya kwanza ya tarehe yenyewe, na ya pili ya kueleza ilikotoka, iwe ni cheti cha kuzaliwa, makadirio ya kambini au kumbukumbu ya mama. Safu hiyo ya pili huongeza dakika chache kwa kila jina, na makro haitaweza kuijaza.